Ukuta wa mawe usio na jiwe hata moja

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro. Nina tangi la samaki la sentimita 100 kwa 40, kimo 45, nimelinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Lina samaki kumi, wa njano na wa bluu, niliambiwa asili yao ni Ziwa Nyasa. Nyuma ya kioo kuna picha ya karatasi ya matumbawe ambayo imeingia maji na kukunjamana. Nataka kuitoa niweke ukuta wa mawe kwa ndani, wa kutengeneza mwenyewe. Fundi mwashi wa jirani anasema ni kazi ya saa moja: tupige lipu kioo cha nyuma, tubandike kokoto, tumalize. Mke wangu anasema samaki watakufa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Shemeji yuko sahihi, na fundi naye hajakosea yote. Saruji itatumika, ila si pale anapotaka kuiweka.

Lipu inashika kwenye tofali kwa sababu tofali linanyonya maji na lina vinyweleo vya kung'ang'ania. Kioo hakina. Tena kioo cha tangi hakitulii: ukijaza maji kinatanuka kwa nje kidogo, ukiyapunguza kinarudi, na kila unapobadilisha maji mchezo ni huo huo. Lipu haijui kupinda. Itapasuka, itaachia, na siku moja bamba zima litawalalia samaki. Kwa kioo chako, lipu ya unene wa sentimita tatu ina uzito wa kilo 25 hivi kabla hujabandika kokoto moja. Na tuseme imeshika: kiungo cha nyuma kikianza kuvuja hutaona kinapovujia, utaona tu kabati limelowa.

Ukuta unaoutaka unatengenezwa kwa stairofomu, ile nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya katoni la televisheni au friji. Unaichonga sura ya mwamba, unaipaka saruji nyembamba tabaka baada ya tabaka, unailoweka wiki kadhaa nje ya tangi, halafu ndipo unaibandika kwa silikoni. Watu wengi wakinitafuta huniuliza habari za kuchonga na rangi. Huko nitakupitisha haraka, maana sijawahi kuona ukuta ulioua samaki kwa kuchongwa vibaya. Zilizoharibika nilizoziona, zikiwemo mbili zangu, ziliharibiwa na mambo mawili: stairofomu ilitaka kuelea, au chokaa ya saruji iliingia majini.

Kwanza nikupe habari njema kuhusu samaki wako. Hao ni mbuna, jamaa wa ukoo mmoja na perege na sato. Kwao ni kwenye mawe. Ukifika Mbamba Bay au Liuli, huko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, utaona mawe yenyewe, majabali yameshuka kutoka ufukweni yakaendelea chini ya maji kana kwamba hayakuona ziwa. Pale Liuli kuna jabali ambalo Wajerumani waliliona linafanana na sanamu ya Sphinx ya Misri, wakapaita mahali hapo Sphinxhafen. Mbuna wanaishi katika nyufa za mawe ya namna hiyo na wanakula utando wa mwani unaoota juu yake. Kwa hiyo picha ya matumbawe ilikuwa inawaonyesha nchi ya watu.

Jambo la pili lililo upande wako ni maji. Ziwa Nyasa lina maji yenye pH (kipimo cha asidi, ambapo 7 ni katikati) kati ya 7.7 na 8.6, yaani yanaelekea upande wa chokaa, si wa asidi. Saruji iliyokomaa ikiyasukuma maji kidogo upande huo, mbuna hawasumbuki. Ungeniambia unafuga neoni au diskasi wa mto Amazon, waliozoea maji laini yenye asidi, ningekukataza saruji, nikwambie upake gundi ya ipoksi na kuinyunyizia mchanga.

Sasa kazi. Kabla hujakata chochote, nenda mto Morogoro siku ya Jumamosi asubuhi, uchuchumae mbele ya mwamba mmoja kwa dakika kumi. Angalia nyufa zinaelekea wapi. Utagundua hazikupita ovyo. Nyingi zinafuata mwelekeo mmoja au miwili, na mawe makubwa yako chini, madogo yamekwama katikati yao. Anayeanza huchonga vinundu vingi vya ukubwa mmoja vikapangika kama maandazi kwenye sinia. Chonga majabali mawili au matatu makubwa, ufa mmoja mrefu wa mshazari unaopita yote, na vidogo vichache. Weka na mapango, lakini kila pango liwe na milango miwili. Mbuna ni wagomvi, na anayepigwa akikosa pa kutokea atauawa humo humo.

Kwa unene usiwe na tamaa. Ukuta wenye wastani wa sentimita sita utakula lita 25 hivi kati ya lita 180 za tangi lako likijaa. Samaki kumi wanazihitaji lita hizo kuliko wewe unavyouhitaji mwamba.

Pima ndani ya tangi, si nje, na utazame juu: tangi la ukubwa huo kwa kawaida lina vishikizo, vile vipande vya kioo vilivyogandishwa kuzunguka mdomo. Ukuta wa kipande kimoja hautapita hapo, utaurudisha uwanjani ukiwa umeshapakwa saruji na kuanza kuukata kwa msumeno huku watoto wanacheka. Gawanya vipande vitatu, na maungio yafuate nyufa ulizochora ili yasionekane. Kila kipande kiingie kimeinamishwa, kisimame, na kichwa chake kibanwe na kishikizo cha juu. Huko nyuma ya kona moja acha nafasi ya hita na bomba la filta. Hita isigusane na stairofomu hata kidogo.

Kukata, tumia kisu chembamba chenye makali, umalizie kwa brashi ya waya na msasa. Wako wanaotumia waya wa moto au kisu kilichopashwa kwenye jiko. Unakata kama siagi, kweli, lakini moshi wake ni sumu, kwa hiyo ukifanya hivyo fanya nje na upepo ukupige mgongoni. Vipande vya stairofomu unaviunganisha kwa silikoni. Usiguse rangi ya mafuta, thina wala petroli: stairofomu inayeyuka kama sukari kwenye chai. Jipsamu pia iache kwenye dari, maana majini inalainika na kuyeyuka polepole.

Uso wote wa stairofomu ukwaruze mpaka uwe na manyoya. Ukibaki laini, saruji itateleza.

Tabaka la kwanza ni niru tupu, saruji na maji, nyepesi kama uji wa mtoto. Unaipiga kwa brashi ngumu, ukiisukumiza ndani ya kila shimo. Hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Niru inateleza, inajikusanya matone, nyeupe inaonekana kila mahali, na unajiuliza umepotezea wapi Jumapili yako. Endelea tu. Kazi ya tabaka hili si kufunika, ni kuacha kitu cha kushikwa na tabaka linalofuata. Liache siku nzima chini ya kivuli, ulinyunyizie maji asubuhi na jioni, ulifunike kwa nailoni. Fundi wako anajua kwamba saruji haikauki kama nguo, inakomaa kwa maji. Lipu iliyokaushwa na jua inakuwa unga. Hilo mwachie akusimamie, ni uwanja wake.

Tabaka la pili na la tatu ni saruji kipimo kimoja kwa mchanga vipimo viwili. Mchanga uwe wa mto, umechekechwa kwa wavu wa mbu na kuoshwa mpaka maji yatoke safi. Mchanga wa pwani una chumvi na vipande vya kombe, usiutumie. Ukitaka uso wenye vitundu kama jiwe lililoliwa na maji, rusha punje za chumvi ya mawe juu ya tabaka la tatu likiwa bichi. Zitayeyuka wakati wa kuloweka na kuacha alama zake. Tabaka zote zikiisha uwe na unene wa milimita nne au tano, si zaidi.

Rangi inaingia ndani ya tabaka la mwisho, haipakwi juu. Nunua oksaidi ya unga kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ile wanayoweka kwenye sakafu nyekundu. Kuna na nyeusi, kahawia na njano. Ni oksaidi ya chuma na haina neno majini. Isizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa saruji, ikizidi hapo saruji inakosa nguvu. Niru ya kijivu iliyokoza iingie kwenye nyufa, ya kahawia hafifu ipigwe kwa sponji kwenye migongo ya mawe, kwa sababu ndani ya tangi taa iko juu na jicho linategemea chini kuwe na giza. Zaidi ya hapo usijisumbue. Baada ya miezi mitatu mwani utakuwa umepaka rangi yake na yako haitaonekana.

Sasa tuje kwa linalomtisha shemeji. Saruji inapokomaa inatoa chokaa, na hiyo chokaa inaendelea kuvuja kila inapogusa maji mapya. Beseni la maji lenye saruji ya siku chache linapanda pH mpaka zaidi ya 10, wakati mwingine 12. Kwa samaki hayo ni maji yanayounguza. Yanababua ngozi na mashavu, na tena yanaifanya amonia, uchafu wanaoutoa mwilini, ambayo katika maji ya kawaida ingewaumiza kidogo, kuwa sumu kali. Ukuta wangu wa pili niliuloweka siku saba nikaona umetosha. Mchana niliingiza samaki sita aina ya gapi, jioni walikuwa wamejipanga juu ya maji wakihema, asubuhi alibaki mmoja. Nikapima maji baada ya kuwazika, wakati ningepaswa kupima kabla. Kwa hiyo yeyote atakayekwambia "weka samaki wawili wa kujaribia," mwambie kipimo cha pH cha matone kinafanya kazi hiyo bila kufa.

Utaratibu ni huu. Tabaka la mwisho likikaa siku saba likinyunyiziwa maji, chukua beseni kubwa au nusu pipa, vilaze vipande vyako kifudifudi majini na uweke matofali ya kutosha kuvizamisha juu ya migongo yao, maana vitaelea na mashimo yatabaki na hewa. Wiki ya kwanza mwaga maji kila baada ya siku mbili. Utaona utando mweupe juu ya maji kama wa maziwa yaliyochemka. Hiyo ni chokaa iliyokutana na hewa. Baadaye mwaga kila siku tatu au nne. Hesabu wiki nne, lakini kalenda isikudanganye. Kinachoamua ni kipimo: pima pH ya maji ya bombani yaliyolala ndooni usiku mmoja, andika. Jaza beseni kwa maji hayo hayo, acha saa 48, pima tena. Ikipanda kwa 0.3 au chini ya hapo, ukuta umetulia. Ikipanda zaidi ya hapo, rudia wiki nyingine. Wengine wanatia siki kwenye beseni ili kuharakisha. Inasaidia kwa ule utando wa juu, ila inakula uso wa saruji pia, na mimi naona subira ni rahisi kuliko kurudia tabaka.

Usimwage maji ya beseni kwenye bustani ya mchicha.

Limebaki la kuelea, nalo linahitaji hesabu kidogo, mwalimu utaniwia radhi. Stairofomu lita 25 ndani ya maji inasukumwa juu kwa nguvu ya karibu kilo 25. Saruji uliyopaka, tuseme milimita nne juu ya uso wenye mikunjo wa robo tatu ya mita mraba, ina ujazo wa lita tatu na uzito wa kilo sita. Nayo ikizama inapoteza kilo tatu. Kwa hiyo inashusha kilo tatu tu, na zinabaki kilo 21 au 22 zinazosukuma kwenda juu saa zote ishirini na nne. Hebu fikiria ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, halafu ipindue kichwa chini miguu juu: huo ndio mzigo ambao silikoni yako inabeba.

Ukuta wangu wa kwanza sikuufanyia hesabu hiyo. Niliamini saruji ni nzito. Nilibandika kwa silikoni juu ya stairofomu yenye vumbi la msasa, nikasubiri siku tatu, nikajaza maji, nikaalika watu. Saa nane usiku kulilia kitu kama mlango umepigwa teke. Nilikuta mfuniko na taa viko sakafuni, na ukuta wangu umelala juu ya maji kama mtumbwi uliopinduka, samaki wako chini yake wameshangaa kuliko mimi. Silikoni yenyewe ilikuwa imebaki kwenye kioo na punje za stairofomu zimeganda juu yake. Haikuachia kioo hata kidogo.

Basi kabla ya kubandika, vipande vikitoka kwenye beseni vikaushe siku tatu au nne, sugua mgongo wake kwa brashi kavu, pangusa vumbi lote. Kioo kipanguse kwa spiriti. Silikoni iwe ile ya wazi, inayonuka siki ikikauka, iliyoandikwa kwamba inafaa kwa tangi la samaki au haina dawa ya kuzuia ukungu. Zile za bafuni nyingi zina dawa hiyo, na haichagui kati ya ukungu na samaki. Ipige kwa mistari ya kwenda juu, umbali wa vidole vitatu mstari hadi mstari, usiipake kama siagi kwenye mkate. Silikoni inakauka kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kwenda ndani, milimita mbili au tatu kwa siku. Ukipaka bapa zima, katikati itabaki mbichi mwezi. Chini pia, pale ukuta unapokanyaga kioo cha sakafu ya tangi, weka mstari mnene. Ukandamize kwa vipande vya mbao mpaka kesho yake.

Ngoja siku saba. Halafu ziba kingo zote, juu, pembeni na maungio, kwa mstari wa mwisho wa silikoni, ungoje siku mbili nyingine. Kuziba huku si urembo. Samaki mdogo akipenya nyuma ya ukuta hatoki, akifa huko hutamwona, utanusa. Jaza maji bila samaki kwa siku tatu, uweke alama kwenye kioo usawa wa kichwa cha ukuta. Alama na ukuta vikiachana hata milimita mbili, mwaga maji.

Wakati wote wa kuloweka samaki wako wanaendelea kuishi tangini kama kawaida, na hiyo ni sababu nyingine ya kulowekea nje. Watahama wakati wa kubandika tu, wiki mbili hivi. Watafutie pipa la plastiki la lita 100 ambalo halijawahi kubeba dawa wala mafuta, weka mfuniko kwa sababu wanaruka, na uwahamishie filta yao ile ile ikiwa inazunguka, pamoja na hita. Filta usiioshe kwa maji ya bomba siku hizo. Bakteria wanaokula amonia wanaishi kwenye ile sponji chafu, klorini itawaua, na pipa litakuwa choo. Lisha kidogo, siku moja moja ruka.

Siku ya kuwarudisha zima taa. Kwa kuwa mawe ni mapya kwa wote, hakuna mwenye nyumba, na utaona yule dume aliyekuwa anawaonea wenzake anaanza upya kama mgeni. Wengine watajificha siku mbili wasitoke hata kula. Wiki za mbele utando wa kijani utaanza kwenye migongo ya mawe, karibu na taa. Shemeji atataka kuusugua. Muombe auache, achuchumae mbele ya kioo asubuhi kabla ya kulisha, aone wale wa njano wanavyosimama kwa pembe na kuukwangua kwa midomo.